Picha za Kale na Wajibu wa Mwanafasihi wa Kiswahili

Utangulizi

Mji wa Juja, ulioko kati ya Ruiru na Thika, una jina ambalo maelfu ya wanafunzi hulitamka kila siku bila kulichungua. Masimulizi yanayosikika sana kuhusu asili ya jina hilo hudai kwamba William Northrup McMillan, tajiri wa Kimarekani aliyejipatia shamba kubwa katika eneo hilo mwanzoni mwa karne ya 20, alikuja na sanamu mbili kutoka Afrika Magharibi, moja ikiitwa Ju na ya pili Ja. Kwamba wenyeji waliziogopa. Na kwamba hatimaye sanamu hizo zilizikwa ardhini. Kama kisa hiki ni historia au ni ngano, hilo ni suala la watafiti. Linalofaa kuzingatiwa hapa ni jambo moja tu: sanamu hazionekani tena, ila neno limebaki.

Katika ardhi hiyohiyo ya Wakikuyu iko hali iliyo kinyume cha hiyo. Katika makavazi mna vibuyu vya gicaandi vilivyochorwa alama nyingi kwa ustadi. Alama hizo zinaonekana waziwazi, tena mtu anaweza kuzihesabu moja baada ya nyingine. Hata hivyo, watu wanaoweza kukishika kibuyu hicho na kuziimba alama zake kama zilivyoimbwa zamani wamekuwa adimu mno. Hapa picha imebaki, neno ndilo linalotoweka.

Baina ya hali hizi mbili ndipo hoja ya makala haya inaposimama. Picha ya kale isiyo na maneno ni bubu, na bubu husemewa na yeyote anayepita. Kwa kuwa mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili amefunzwa kazi ya kusoma matini na kuhifadhi maneno, hana budi kuzihesabu picha za kale miongoni mwa matini zake. Asipofanya hivyo, picha za maisha ya wahenga wake zitaendelea kusomwa na wengine, kwa niaba yake na pengine dhidi yake.

Jicho la mgeni

Waswahili husema: mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Methali hii ingefaa kuandikwa chini ya kila picha ya zamani inayowahusu Waafrika, kwani nyingi kati ya zile zinazopatikana kwa urahisi zilipigwa au kuchorwa na wageni, kwa ajili ya macho ya wageni wenzao.

Mfano wa kwanza uko Juja penyewe. Mnamo mwaka wa 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alifika Afrika Mashariki kuwinda na kukusanya wanyama kwa ajili ya makavazi ya nchi yake. Mmoja wa wenyeji wake alikuwa McMillan, na sura moja ya kitabu alichokichapisha Roosevelt mwaka wa 1910, African Game Trails, inalitaja shamba la Juja katika kichwa chake pamoja na kiboko na chui. Wapagazi zaidi ya 200 waliobeba mizigo ya msafara ule hawakupata nafasi katika kichwa hicho. Picha zilizoandamana na kitabu zilimpa msomaji wa ng'ambo alichokitaka: mwindaji, bunduki na mnyama aliyelala chini.

Hata hivyo, msomaji wa Kiswahili anayekipitia kitabu hicho kwa makini atagundua jambo ambalo picha haziwezi kulionyesha. Roosevelt anaeleza kwamba wapagazi walimwita "Bwana Makuba". Bila shaka walisema Bwana Mkubwa, naye akaandika alivyosikia. Kosa hili dogo la tahajia lina uzito wake. Linathibitisha kwamba pembeni mwa kamera ile Kiswahili kilikuwa kikizungumzwa: watu walikuwa wakiitana, wakitaniana, wakilalamika na kupeana majina. Picha ilinasa miili yao ikaziacha sauti zao. Ni nani aliye na nyenzo za kuzitafuta sauti hizo kama si mwanafunzi wa Kiswahili?

Mfano wa pili ni kitabu cha W. Scoresby Routledge na mkewe Katherine, kilichochapishwa pia mwaka wa 1910 baada ya wawili hao kuishi miongoni mwa Wakikuyu. Kitabu hicho kina picha nyingi za watu wakiwa katika shughuli zao, na mtafiti yeyote wa utamaduni wa Wakikuyu hulazimika kukirejelea. Lakini kichwa chake, With a Prehistoric People, kinawaita watu hao, waliokuwa hai mbele ya kamera, watu wa kabla ya historia. Maneno hayo machache yanaigeuza maana ya kila picha iliyomo. Mama anayefanya kazi yake ya siku hiyo anafanywa kielelezo cha zama zilizopita, na kijana anayeitazama kamera anaambiwa kwamba hayuko katika karne moja na mpigapicha. Huo ndio uwezo wa maelezo yanayoambatana na picha, na ndiyo sababu haifai maelezo hayo yaachiwe watu wengine milele.

Mfano wa tatu ni michoro ya Joy Adamson. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, serikali ya kikoloni ilimwagiza msanii huyo azichore jamii za Kenya katika mavazi na mapambo yao ya kimila, kwa hofu kwamba mambo hayo yalikuwa yakipotea. Akachora mamia ya picha, na mwaka wa 1967 akachapisha kitabu cha The Peoples of Kenya. Makavazi ya Taifa ya Kenya yamehifadhi sehemu kubwa ya kazi hiyo. Uzuri wake haukanushiki: shanga, ngozi, vipuli na mitindo ya nywele imechorwa kwa uangalifu ambao kamera za wakati huo, nyingi zikiwa za rangi nyeusi na nyeupe, zisingeufikia.

Pamoja na hayo, mhakiki hana budi kuuliza picha hizo zimeacha nini. Mnamo Oktoba 1952 serikali iliyomwagiza msanii ilitangaza Hali ya Hatari. Wakikuyu kwa maelfu wakatiwa vizuizini, na kuanzia mwaka wa 1954 familia nyingi za Kiambu na Murang'a zikahamishwa kwa nguvu na kukusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki. Serikali moja ilikuwa ikihifadhi mapambo ya watu kwa mkono mmoja na kubomoa nyumba zao kwa mkono wa pili. Mtu anayeitazama michoro hiyo bila kuujua muktadha huu ataondoka akiamini kwamba maisha ya wakati huo yalikuwa maonyesho ya shanga na manyoya.

Jicho la mgeni halikuanzia bara wala halikuanza na ukoloni wa Mwingereza. Mwaka wa 1572 Georg Braun na Frans Hogenberg walichapisha huko Köln, Ujerumani, juzuu ya kwanza ya mkusanyiko wa picha za miji ya dunia. Katika juzuu hiyo imo picha ya Kilwa, na pia ya Mombasa. Picha ya Kilwa imerudiwa mara nyingi katika vitabu vya historia kama ushahidi wa ustaarabu wa Waswahili. Ushahidi huo si wa kupuuzwa, kwani unaonyesha kwamba sifa za Kilwa zilikuwa zimefika mbali. Lakini picha yenyewe ilitolewa miaka 67 baada ya Wareno kuuvamia na kuupora mji huo mwaka wa 1505, tena na wachapishaji ambao hawakutia mguu pwani hii. Msomaji anaonyeshwa mji uliotulia, haonyeshwi jeraha lake. Mwalimu anayeiweka picha hiyo mbele ya darasa na kusema "hivi ndivyo Kilwa ilivyokuwa" anawafundisha wanafunzi wake kuamini kabla ya kusoma.

Jicho la mwenyeji

Ingekuwa makosa makubwa kudhani kwamba Waafrika walisubiri kuchorwa na wageni. Wenyeji wenyewe walijichorea maisha yao, ila hawakuyachora kwa namna ambayo jicho lililozoea fremu na turubai hulitambua upesi.

Katika pwani, Waislamu wengi walijiepusha na kuchora sura za viumbe, hivyo sanaa yao ikajidhihirisha katika milango ya kuchongwa, kuta za chokaa na maandishi ya nakshi. Hata hivyo, katika magofu ya Gedi, Kilwa na Songo Mnara imeonekana michoro ya vyombo vya baharini iliyokwaruzwa kwenye lipu za kuta. Hakuna mtawala aliyeagiza michoro ya aina hiyo ifanywe kwa ajili ya fahari. Ni kazi ya mikono ya watu walioijua bahari. Wataalamu wameitumia kuelewa vyombo vya zamani, kikiwemo mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba za makumbi badala ya kupigwa misumari, na ambacho tanga lake lilikuwa la mkeka. Mitepe ya kazi ilitoweka mwanzoni mwa karne ya 20. Mwanafunzi wa leo anaweza kuuona mchoro wake, lakini akiulizwa majina ya sehemu zake huenda asipite neno "tanga".

Kwa bahati njema, pwani ina fasihi inayoweza kusomwa sambamba na picha zake. Mfano mwafaka ni Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir kutoka mwanzoni mwa karne ya 19, unaoyatazama magofu ya Pate na kukumbuka fahari iliyokuwamo. Anayetazama picha ya ukuta wa jumba la kale la Lamu au Pate huona safu za vijishimo tu. Aliyeusoma utenzi huo anajua kwamba hayo ni madaka, kwamba humo viliwekwa vyombo vya kaure, na kwamba mshairi aliwaona ndege wa mwituni wakiyafanya makazi yao. Picha inampa umbo na kiasi, nao utenzi unampa jina, matumizi na huzuni. Kimoja bila cha pili ni nusu ya maarifa.

Bara nako, gicaandi inaipa hoja hii nguvu zaidi. Kibuyu hiki kilitiwa mbegu ndani ili kitoe mlio, na nje kikachorwa alama zilizohusiana na beti za utungo mrefu. Waimbaji wawili walipambana kwa mafumbo. Aliyeshindwa kufumbua alimkabidhi mshindani wake kibuyu. Hapa picha na ushairi havikuwa vitu viwili: alama iliushikilia ubeti, ubeti ukaifasiri alama. Padri Vittorio Merlo Pick alichapisha mwaka wa 1973 kitabu kuhusu vitendawili vya Kikuyu na gicaandi. Baadaye Kimani Njogu, mtaalamu ambaye wanafunzi wengi wa Kiswahili wanamjua kupitia Ufundishaji wa Fasihi aliouandika pamoja na Rocha Chimerah, akauchunguza utanzu huu kama ushairi wa usemezano. Katika kitabu chake cha mwaka wa 2004, Reading Poetry as Dialogue, aliuweka karibu na ushairi wa kujibizana wa Waswahili.

Ngũgĩ wa Thiong'o naye, alipokuwa kizuizini katika gereza la Kamiti, si mbali na Ruiru, mwaka wa 1978, aliandika riwaya ya Caitaani Mũtharaba-inĩ na kumfanya mwimbaji wa gicaandi kuwa msimulizi wake. Mwandishi aliyenyimwa hata karatasi alikimbilia sanaa iliyowahi kuandikwa juu ya kibuyu. Basi inasikitisha kwamba mwanafunzi wa Juja aweza kumaliza shahada yake akijua kueleza mishororo, vina na mizani, ilhali hajawahi kuambiwa kwamba katika vilima anavyoviona kutoka bwenini mwake ushairi uliwahi kuandikwa kwa alama.

Hoja za wapinzani

Wapo watakaosema kwamba picha ni shughuli ya idara za historia na sanaa, na kwamba mwanafasihi ashughulike na maneno. Hoja hii inasahau yale ambayo fasihi yenyewe inafundisha. Anayesoma fasihi simulizi huelekezwa kuyachunguza maleba ya fanani, ishara za mikono yake, mahali pa utendaji na hadhira. Fanani wa karne iliyopita hawezi kutazamwa tena isipokuwa katika picha. Kuikataa picha, basi, ni kuikataa sehemu ya ushahidi wa utendaji. Isitoshe, maswali ambayo mwanahistoria huiuliza picha si yote yanayofaa kuulizwa. Yeye atauliza ilipigwa lini na wapi. Mwanafasihi atauliza ni nani anayesimulia, anamsimulia nani, ameficha nini, na ametumia taswira gani.

Wapo pia watakaosema kwamba picha za kikoloni zimejaa dharau na zinastahili kutupwa. Ghadhabu yao inaeleweka. Lakini aliyeitupa picha amemtupa pia mtu aliyemo ndani yake. Kizazi cha wapagazi wa Roosevelt hakina picha nyingine za kuchagua. Mama aliyeitwa mtu wa kabla ya historia hakuchagua kichwa cha kitabu. Alichonacho ni uso wake, mzigo wake na kazi ya mikono yake, na haki anayodai ni kusomwa upya. Wasomi wa Kiswahili wamekuwa wakizitumia kwa miaka mingi tenzi zilizokusanywa na wamishenari na maafisa wa serikali za kikoloni. Hawakuzichoma kwa sababu ya mikono iliyozikusanya. Walizihakiki. Picha zinadai uhakiki huohuo.

Mapendekezo

Yako mambo matatu yanayoweza kufanywa bila kusubiri fedha nyingi wala ruhusa ya wakubwa.

Kwanza, usomaji wa picha uingizwe katika masomo ya fasihi, hata kama ni kwa vipindi viwili au vitatu katika muhula. Picha moja iwekwe mbele ya darasa, nalo lijibu maswali manne: Ni nani aliyeitengeneza? Aliitengeneza kwa ajili ya nani? Ni nini kilichoachwa nje? Na kila kitu kilichomo kinaitwaje kwa Kiswahili? Swali la nne ndilo litakalowatoa watu jasho. Picha ya zizi, ya jiko la mawe matatu au ya mwanamke aliyebeba kuni itafichua jinsi msamiati wa msomi wa mjini ulivyokonda.

Pili, picha zirudishwe kwa wenyewe. Kutoka Juja hadi Nairobi ni takriban kilomita 35, na huko kuna Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Makavazi ya Taifa na Maktaba ya McMillan. Maktaba hiyo, iliyojengwa kwa kumbukumbu ya McMillan yuleyule wa Juja na kufunguliwa mwaka wa 1931, haikumruhusu Mwafrika kusoma humo katika miongo yake ya mwanzo. Leo mlango wake uko wazi, na haifai wajukuu wa waliozuiwa waupite tu wakielekea vituo vya matatu. Nakala za picha zichukuliwe hadi Gatundu, Gatanga na upande wa pili wa Kilima Mbogo kwa Wakamba. Wazee waulizwe, majina ya vitu yaandikwe kwa Kikuyu na Kikamba, kisha visawe vyake vitafutwe kwa Kiswahili. Pasipo na kisawe, neno lenyewe litoholewe. Lugha imekuwa ikikua kwa njia hiyo tangu zamani, nacho Kiswahili hakijawahi kuona haya kukopa.

Tatu, vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vitenge ukurasa katika kila toleo la majarida yao kwa picha moja ya kale, yenye maelezo ya Kiswahili yaliyoandikwa na mwanafunzi na kukaguliwa na mhadhiri. Toleo moja halitabadilisha lolote. Matoleo ya miaka 10 yatakuwa hazina ambayo mtunzi wa vitabu vya shule hatakuwa na udhuru wa kuipuuza.

Hitimisho

Barabara ya Thika leo hupitwa mchana na usiku na matatu zilizochorwa nyuso za wanamuziki, wanasoka na wanasiasa. Baada ya miaka 100, picha za matatu hizo zitakuwa picha za kale. Mtu fulani atazitazama na kutaka kujua watu wa Juja waliishije, walimpenda nani, walimcheka nani, na kwa nini gari la abiria lilipambwa kama mahali pa sherehe. Kama hapatakuwa na maneno yaliyoandikwa kando yake, naye atabuni yake, kama walivyobuni wengine kabla yake.

Wahenga waliusia: usiache mbachao kwa msala upitao. Nadharia za ng'ambo ni msala mzuri, nazo zina manufaa yake katika uhakiki. Lakini kibuyu kilichochorwa, ukuta uliokwaruzwa jahazi, na uso wa mpagazi asiyejulikana jina ni mbacha wa nyumbani. Ju na Ja wamekwisha kuzikwa, kama masimulizi yanavyodai. Vibuyu vya gicaandi bado viko juu ya ardhi, na baadhi ya wazee wanaokumbuka mlio wake bado wako hai. Mwanafunzi wa Kiswahili aende akawaulize sasa.